Matoka Niliyoyang'oa Endarasha

Niliishi Endarasha, kijiji cha huko Nyeri, miaka sita, nikarudi kwetu Tabora na mabegi mawili, blanketi zito na simu iliyojaa picha. Watu wa nyumbani wakisikia nilikuwa Kenya hutaka kuona tembo. Sina tembo. Nina magunia ya viazi, nina kabichi zilizolowa umande, nina wanafunzi waliovaa sweta mbili mbili, nina ukungu, na tena nina ukungu mwingine mahali ambapo niliapa kwamba Mlima Kenya umeonekana wote. Dada yangu huzipitisha kwa kidole huku akipiga miayo, wala simlaumu.

Kuna mbili ambazo mimi humpokonya simu kabla hajazifikia. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyeketi karibu na maua. Ya pili ni yangu mimi, mikono imejaa matope, ninacheka. Nimezificha vya kutosha, na kuzificha hakujanisaidia kitu.

Nilikwenda huko kufundisha Kiswahili kwenye shule ndogo ya binafsi. Mwenye shule alitaka mwalimu kutoka Tanzania ili awatambie wazazi, vile mwenye duka anavyotamba na mzigo mpya. Wanafunzi walinicheka kwa kusema "naomba" dukani kama mtu anayeomba msaada; mimi niliwacheka kwa "kitabu yangu". Tukawa tumelipana. Baridi ndiyo iliyonionea. Miezi ya kwanza nililala na soksi, kilemba na hasira.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja. Nitamwita Mama, maana ndivyo nilivyomwita. Alikuwa na nyumba ya mbao yenye mabati, jiko la nje lililojaa moshi, ng'ombe wawili wa maziwa na binti mmoja aliyekuwa darasa la saba. Mume wake alifariki miaka miwili kabla sijafika, akazikwa shambani, kama ilivyo desturi yao, hatua chache kutoka kwenye mukima mmoja mkubwa wenye mashina mawili. Mukima ni ule mti mrefu ambao watu wa huko huupanda kwa ajili ya mbao na kivuli. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao na maua aliyoyapanda Mama mwenyewe, na kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani alipita hapo akang'oa magugu.

Nje kidogo ya mti huo ndipo shamba la Mama lilipokomea na la shemeji yake, mdogo wa marehemu, lilipoanzia. Huyo shemeji alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti la kijivu na sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia akimgombeza hata mbwa. Siku niliyohamia aliniletea kabichi mbili na kunikaribisha kwa Kiswahili cha kujitahidi, akaniuliza kama Tabora kuna baridi. Niseme ukweli: siku za mwanzo nilimpenda yeye kuliko Mama, maana Mama hakuwa mtu wa maneno, na mimi ni mtu wa kupenda wanaonichekea.

Nilikuwa nimesharudi Tabora, mwaka wa pili, wakati yule binti aliponiandikia. Sasa alikuwa msichana mkubwa, anasoma chuo Nyeri mjini. Hakunipa hata salamu, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

"Auntie, bado uko na zile picha za shamba? Anko anasema kaburi ya baba iko kwake."

Nikampigia. Akanieleza. Hati ya shamba lile zima bado ilikuwa kwa jina la babu yao aliyekwisha kufa, maana watu wengi wa huko hawapendi kuanza safari za ofisini ambazo hazina mwisho. Ndugu wawili waligawana kwa njia ya wazee: mstari wa matoka ulipandwa kutoka kwenye kona ya juu hadi barabarani. Itoka, ukilitaja moja, ni ua la jamii ya yungiyungi, lenye kiazi kikubwa chini na majani marefu, na halifi kwa ukame wala kwa kukanyagwa na ng'ombe. Wagikuyu hulipanda mpakani, na likishapandwa, hilo ndilo shahidi. Sasa anko, yule shemeji, alikuwa amepata mnunuzi wa ukanda wa shamba unaofuata mstari huo, na mnunuzi alitaka kujenga ghala. Kaburi lilikuwa ndani ya ukanda. Anko alisema kwa upole kwamba atalipa gharama za kumhamisha ndugu yake.

Wazee wangekaa Jumamosi. Mama alikuwa akisema mti wa mukima ulikuwa wake, na matoka yalikuwa upande wa nje wa mti. Shemeji alisema matoka yako pale yalipo, yaani upande wa ndani, kwa hiyo mti, kaburi na kila kilicho ng'ambo ni vyake. Karatasi hakuna. Mashahidi wawili waliokuwepo siku ya kugawana walishafariki. Ndipo binti akakumbuka kwamba Mtanzania wao alikuwa na ugonjwa wa kupiga picha.

Nilimwambia nitatafuta.

Nilizitoa picha zote za miaka sita nikazipanga tangu ya mwanzo. Sijawahi kufanya kazi iliyonitisha vile. Ukiishi mahali, huoni kitu kikisogea. Unaona leo na jana, basi. Lakini ukiziweka picha moja baada ya nyingine, ni kama mtu anakuonyesha kitu ambacho kilikuwa kikifanyika nyuma ya mgongo wako wakati unachekelea kamera. Mwaka wa kwanza mti wa mukima uko ndani kabisa ya shamba la Mama. Mwaka wa pili uko mpakani. Mwaka wa tatu kuna viazi vya shemeji kwenye mizizi yake. Mwaka wa nne tulikwenda Doldol, kwa wafugaji, mimi na Mama, tukalala huko usiku mmoja kwa watu anaowafahamu, akanunua mbuzi wawili baada ya kubishana nusu siku. Tuliporudi niliwapiga picha wale mbuzi wamefungwa kwenye nguzo. Nguzo ilikuwa mpya, bado inatoa utomvu, na nyuma yake kulikuwa na nyingine, na nyingine, zimeshuka hadi barabarani. Sikuuliza ni za nani. Nakumbuka Mama aliitazama ile nguzo, akawafungua mbuzi, akawafunga pengine.

Na katika picha nyingi, pembeni, kuna koti la kijivu. Hafanyi kitu. Amesimama tu, au anapita, au anainua mkono kunisalimu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimekipiga picha miaka minne mfululizo nikidhani ni jirani mwema.

Sasa nieleze ile Jumapili ya mwaka wa pili.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na matoka yalikuwa yamechanua, meupe yenye mistari ya waridi. Wiki moja kabla, nilikuwa nimempiga Mama picha ameketi kwenye kona ya juu, maua upande wake wa kushoto, mukima upande wake wa kulia. Hiyo ndiyo picha ya kwanza niliyoitaja. Nzuri sana, hata Mama aliipenda. Basi Jumapili ile wao wamekwenda kanisani, mimi Mwislamu nimebaki peke yangu, nikaona chumba changu kinahitaji maua mlangoni. Kwetu ua ni ua. Nikachukua jembe, nikaenda kwenye kona, nikang'oa matoka manne makubwa pamoja na viazi vyake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilijipa mwenyewe, na tazama nilichokwenda kulima. Niliyapanda kwenye makopo ya rangi, nikayapanga mlangoni, nikasimama kuyatazama kama bibi harusi.

Mama aliporudi aliyaona kutoka getini. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi na koti lake la kanisani, na Biblia bado mkononi, akaniuliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia. Akainuka akaenda hadi kwenye kona, akarudi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Rudisha," akasema. "Leo, kabla jua haijaingia. Na usiambie mtu yeyote."

Nilimwomba aje anionyeshe. Akakataa, akaingia ndani akafunga mlango. Ni binti aliyeninong'oneza sababu jikoni. Mwenye shamba haruhusiwi kugusa itoka peke yake, bila mwenzake wa upande wa pili na bila wazee. Akionekana tu ameinama hapo, itasemwa anasogeza mpaka. Tena, akasema, siku ya kupanda itoka wazee hutamka maneno juu yake: atakayeling'oa, naye ang'olewe. Akaniambia hivyo huku akimenya viazi, kama mtoto anayekueleza sheria za mchezo.

Mimi sikuogopa maneno. Nilichoogopa ni kufukuzwa. Nilibeba makopo yangu nikarudi konani, na nilikuta ng'ombe wamepita, udongo umevurugika, na mashimo manne hayaonekani. Nilisimama hapo nimeduwaa, na shemeji akatokea upande wake, mikono mifukoni. Alinipa pole. Hakuniuliza kwa nini niliyang'oa. Aliniangalia nikihangaika kidogo, halafu akanyoosha kidevu kuelekea upande wa ndani wa mti, akasema hapo udongo ni laini, mwalimu, hapo yatashika vizuri.

Nikapanda hapo. Hatua saba au nane ndani ya shamba la Mama. Nilimshukuru, na kwa kuwa nilikuwa nimefurahi kumaliza kabla ya jua kuzama, nilinyoosha simu nikajipiga picha: mimi, matope, matoka, na yeye nyuma yangu akitabasamu, mikono bado mifukoni. Nyuma yake mti. Hiyo ndiyo ya pili.

Tangu siku hiyo kona ilikuwa imehama. Mpaka ni mstari. Kona ikihama, mstari unakuwa na kigongo, na mtu mpole mwenye subira anaweza kuunyoosha kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, huku akisema anafuata matoka tu. Haya nimeyaelewa nikiwa Tabora, nimeketi kwenye mkeka, simu mkononi. Wakati ule nilidhani nimerudisha maua.

Nilituma picha ya kwanza peke yake.

Sitajitetea. Nilijiambia hiyo inatosha, kwamba wazee wakimwona Mama ameketi kati ya mti na maua watajua. Nilijiambia nikituma ya pili nitawachanganya. Uongo mtupu. Niliona haya, na niliogopa, na picha ya pili niliibakiza kwenye simu kama mtu aliyekalia kisu.

Jumamosi usiku binti alipiga. Wazee walikuwa wameitazama picha na wameiamini. Lakini shemeji alisimama akasema yuko tayari kula kiapo kwamba mkono wake haujawahi kugusa itoka hata moja, na akala hapo hapo mbele ya watu wote. Huko mtu haapi juu ya mpaka kwa mchezo. Halafu, kwa sauti yake ile ya chini, akauliza: kama matoka yalikuwa nje ya mti na sasa yako ndani, na mimi sikuyagusa, ni nani aliyeyagusa? Shamba lina watu wawili tu. Wazee wakamgeukia Mama, wakamwomba naye aape kwamba hakuyagusa wala hamjui aliyeyagusa.

Mama alikataa kuapa.

Binti alikuwa akilia kwenye simu. Hakuelewa kwa nini mama yake anakataa, wakati kila mtu anajua hawezi kusogeza mpaka wake mwenyewe aingie hasara. Akaniambia wazee wamempa wiki mbili. Asipoapa, watahesabu kwamba kuna kitu alichokifanya akakificha, na kona itabaki pale ilipo, na kaburi litahamishwa. Nikaelewa mara moja. Mama hakuweza kuapa kwamba hajui ni nani aliyeyang'oa, kwa sababu alijua.

Nilimwambia binti nakuja. Sikumwambia kwa nini.

Safari ya Tabora hadi Nyeri si ya kusimulia. Mtu yeyote aliyekaa kwenye basi siku mbili na dhamiri mbaya anaijua. Nilifika Nyeri mjini asubuhi, nikaenda kwanza kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye studio ndogo, ambaye miaka yote ile alinichapia picha na kuninywesha chai ya tangawizi. Mama yake alikuwa Mgikuyu, baba yake mtoto wa Mnubi, na yeye alipenda kusema kwamba damu yake imejaa mji mzima. Nilitaka anichapie picha zote mbili kwa ukubwa, maana wazee wa Endarasha hawaoni vizuri kwenye simu. Ya pili ilipotoka kwenye mashine aliishika muda mrefu kuliko kawaida. Aliniuliza huyu nyuma yangu anachekea nini. Nikamwambia hiyo ndiyo iliyonileta. Hakuniuliza zaidi, na alikataa malipo, jambo ambalo halikunifurahisha hata kidogo, kwa sababu alinitazama vile watu wanavyomtazama mfiwa.

Mama hakunipokea kwa shangwe. Alikuwa amekonda na alikuwa na kikohozi, cha moshi, alisema. Alinipikia mukimo, chakula chao cha viazi vilivyopondwa na mahindi, akaniwekea maji ya moto ya kuoga, na hatukuzungumzia mpaka. Ulikuwa wakati wa baridi ile ya Julai ambapo ukungu hauondoki hadi saa sita. Nilitaka kumwambia kwamba najua. Nilifungua mdomo mara mbili nikaishia kumsifia viazi.

Asubuhi wazee walikaa pale pale mpakani, kwenye viti vya plastiki vilivyokopwa kanisani. Walikuwepo watu kama thelathini. Naibu wa chifu alikuwa na daftari. Shemeji alikuja akanisalimu kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Tabora.

Nilisimama kabla Mama hajaitwa kuapa. Nikasema mimi ndiye niliyeyang'oa matoka ya kona, kwa ujinga, na mimi ndiye niliyeyapanda pasipo pake. Nikatoa picha. Zilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliisogeza ile ya pili karibu na jicho, akaitazama, akamtazama shemeji, akaitazama tena. Wakamwuliza kama ni yeye. Hakukana.

"Nilimwambia udongo iko laini," akasema. "Sikumwambia apande."

Nilitegemea wamlaumu, wamkemee angalau, lakini walimtazama tu, na mmoja baada ya mwingine wakasogeza viti vyao mbali naye kidogo. Kwangu mimi hukumu ile ilikuwa ya kutisha kuliko matusi. Yeye alibaki ameketi peke yake kwenye ukungu, mikono mifukoni, mtu ambaye hakuvunja kiapo.

Ndipo mzee mkubwa akamwuliza Mama kama alijua. Mama akasema alijua tangu asubuhi iliyofuata ile Jumapili. Alikwenda konani akaona. Mzee akamwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo akiliwa shamba. Mama alikohoa kwanza.

"Huyu alikuwa mgeni wangu," akasema. "Hakuwa na mtu mwingine hapa. Ningesema, mngeuliza ni nani aling'oa, na hayo maneno yangemwendea. Nilisema afadhali mchanga iende."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sweta lake, alilonipa asubuhi kwa sababu langu lilikuwa jepesi. Nilitaka ardhi ipasuke. Miaka minne mwanamke huyu alikuwa ameniandalia uji, ameniamsha nisichelewe shule, na kila msimu alikuwa akipoteza mstari mwingine wa viazi na kulitazama kaburi la mume wake likienda, ili mimi niendelee kulala salama na kilemba changu.

Wazee walinong'ona. Wakaamua: matoka yarudi nje ya mti kama yalivyo kwenye picha ya kwanza, nguzo zing'olewe, mnunuzi aambiwe hakuna shamba hapo. Kaburi libaki. Binti alianza kulia, safari hii kwa furaha. Lakini mzee mkubwa akainua mkono, akasema bado. Mkono uliong'oa ndio unaorudisha. Kondoo atachinjwa, na mchungaji naye ataomba, maana kwenye jambo hili hakuna aliyetaka kuchagua kati ya Mungu na wahenga. Lakini hata hivyo anayerudisha anarudisha akijua maneno yaliyosemwa hapo, na yakitaka kumfuata yatamfuata. Akanitazama. Alikuwa mzee mwenye huruma, nilimwona. Jembe likaletwa.

Nilisogea. Mimi ni mtu niliyesoma, nimefundisha watoto wa watu kwamba laana ni hadithi, na pale kwenye ukungu, mbele ya kaburi na watu thelathini, sikuwa na uhakika wa kitu chochote nilichowahi kufundisha. Nikainama kushika mpini.

Mama akanisukuma kwa bega. Si kwa nguvu. Vile mtu anavyomwondoa mtoto karibu na sufuria ya moto. Akachukua jembe. Akawaambia wazee kwamba kosa la mgeni ni la mwenye nyumba, na wao wanajua hivyo, kwa sababu wazazi wao ndio waliomfundisha. Wakatazamana. Hakuna aliyeweza kumpinga, kwa kuwa ni kweli, ndivyo ilivyo kwao.

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimesafiri siku mbili ili niseme ni mimi, na nilikuwa nimekwisha kusema. Kilichobaki ni kushika lile jembe na kulizuia lisitoke mkononi mwangu. Sikulizuia. Nilirudi nyuma hatua moja, na kitu nilichokisikia kifuani kilikuwa raha. Naandika hivi nikijua maana yake. Mama aliyachimba matoka yale manne, moja moja, akayabeba hadi nje ya mti, akayapanda kwa mikono yake, anakohoa, na mimi nilisimama na sweta lake nikishukuru kwamba si mimi.

Nilirudi Tabora. Shemeji hakung'oa nguzo mwenyewe, alituma vibarua, na binti aliniambia anko bado huenda kanisani lakini huketi benchi la nyuma. Kaburi lilizungushiwa mawe. Mama aliniambia kwa simu kwamba sasa analala vizuri. Nikamwuliza kikohozi, akasema ni baridi, kila mtu anakohoa Endarasha. Agosti alisema ni vumbi. Septemba alisema nisiwe namwuliza kila siku kama daktari. Nilimpigia kila Jumapili baada ya wao kutoka kanisani, na nikimsikia anacheka nilikuwa nakaa wiki nzima vizuri. Siamini mambo ya laana. Nilijisemea hivyo kila Jumapili nikisubiri apokee, na yeye alikuwa mtu mzima, moshi wa jikoni wa miaka arobaini kifuani, daktari yeyote angeeleza.

Jumapili moja simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea binti, akanisalimu vizuri, salamu zote, za mimi na za dada na za watoto wa dada, kisha akaniuliza niko na nani hapo nyumbani. Kwetu na kwao, swali hilo mtu haulizwi kabla ya habari njema.

Nikamwambia niko peke yangu.